Fear and Desire (1953): kinachoiangusha ni bajeti ndogo au ni dairekta mwenyewe?

Nyeusi_Nyeupe

Wakuu habari zenu. Jana usiku nimeangalia Fear and Desire, ile muvi ya vita ambayo ndiyo ndefu ya kwanza kabisa ya Stanley Kubrick, na mpaka sasa hivi sijatulia. Kubrick namkubali sana, kazi zake karibu zote nimeziona na nyingine nimezirudia mpaka najua sini inayofuata kabla haijaja, kwa hiyo nilikaa na hii nikiwa na hamu kweli kweli. Ina saa moja na dakika chache tu lakini nilihisi nimekaa nayo masaa matatu.

Kwa ambao hawajaiona: askari wanne ndege yao imeanguka nyuma ya mistari ya adui na wanatafuta namna ya kurudi upande wao. Kuna Luteni Corby, kuna sajenti anaitwa Mac, halafu vijana wawili Fletcher na Sidney. Wanapanga kutengeneza chelezo cha magogo washuke na mto usiku. Hapo katikati wanavamia kibanda na kuua maadui waliokuwa wanakula, wanamkuta msichana wanamfunga kwenye mti kwa mikanda yao, halafu wanagundua kuna jenerali wa adui yuko kwenye nyumba karibu na mto, na Mac anashikwa na wazo la kumuua huyo jenerali, halimtoki tena. Ukiisimulia hivi ni tamu kabisa, ndiyo maana inaniuma.

Sasa shida zangu. Hujui ni vita gani. Mwanzoni msimulizi anakwambia hii vita haijawahi kupiganwa wala haitakuja kupiganwa, nchi haina jina, adui hana jina, na adui anaongea Kiingereza kilekile cha hao askari wanne. Sauti na midomo haviendani. Watu wanaongea kama wanasoma shairi, mtu yuko nyuma ya adui, anaweza kufa muda wowote, anakuletea falsafa ya mwanadamu kuwa kisiwa. Halafu ile sini ya mwanzo wamekaa wanapanga, kila anayeongea uso wake unajaa skrini peke yake mpaka nikashindwa kujua nani yuko kulia kwa nani. Na kubwa kuliko zote, jenerali na msaidizi wake wana sura za Corby na Fletcher! Nilirudisha nyuma mara mbili nikidhani nimekosea, kumbe kweli ni waigizaji walewale, Kenneth Harp na Steve Coit. Hii ni hela ya kuongeza waigizaji ilikosekana au ni makusudi?

Najua ilitengenezwa kwa kuungaunga. Ninachoomba kwa mnaojua kazi hizi, nitofautishieni, kipi pale ni umaskini na kipi ni kosa la dairekta? Maana kila nikilalamika naambiwa "hakuwa na hela" na hilo jibu haliniingii akilini, kuna muvi nyingi za hela ndogo ambazo zinakushika shingo.

BintiSauti

Mkuu swali zuri sana hili. Mimi nitaongelea sauti tu maana ndiyo kazi ninayoifanya kila siku.

Ile muvi ilipigwa picha bila sauti kabisa. Kubrick alikuwa na miaka 22, ametoka kuwa mpiga picha wa gazeti la Look, na alikuwa tayari ametengeneza filamu fupi kama Day of the Fight ile ya bondia Walter Cartier. Kwenye zile fupi unapiga picha zako kimya kimya halafu msimulizi anaongea juu yake, mambo yanaisha. Akaona na hii ataenda nayo hivyohivyo, akaingia milima ya San Gabriel kule California na kamera ya kukodi, waigizaji watano, wasaidizi wa kuhesabu kwa vidole na vibarua wa Kimeksiko wa kubeba vyombo. Hela alipewa na mjomba wake, Martin Perveler, aliyekuwa na biashara ya maduka ya dawa. Kupiga picha kukala kama dola 10,000 hivi, na kwa kazi ya porini ya mwaka 1951 hapo alijitahidi kwa kweli. Kilichomwua ni kuja kuweka sauti baadaye, maneno, hatua za miguu, majani, risasi, muziki wa Gerald Fried, yote hayo yakala hela kuliko hata kupiga picha kwenyewe. Yaani pale alipodhani ameokoa ndipo palipomfilisi.

Na ngoja nikueleze kwa nini unaisikia vibaya hata kama hujui chochote kuhusu sauti. Mtu akiongea msituni sauti yake inakuja na upepo, na umbali, na uzito wa alichobeba mgongoni. Ukimwingiza studio anasimama mdomo uko sentimita chache kutoka kwenye maiki, sauti inatoka kavu na ya karibu sana. Sasa rudi uangalie wanapotembea kwenye miti, mtu yuko mbali huko lakini sauti yake iko sikioni kwako kama anakunong'oneza. Akili yako inakataa, hujui kwa nini inakataa, unajikuta tu huwaamini wale watu.

Nimewahi kukutana na hii mwenyewe. Filamu fupi ya dakika 12, maiki ilitusaliti siku ya kupiga picha, ikabidi tudabu karibu yote, yaani turekodi maneno upya studio. Kulikuwa na kijana anakimbia huku anaita "ngoja", neno moja tu, tumelirekodi zaidi ya mara thelathini na kila tukiliweka kwenye picha linakaa kama limebandikwa na gundi. Mwisho nikamwambia toka nje, panda ngazi mbio mpaka juu, shuka, ingia uongee bila kupumzika. Ndipo likakaa. Alichokosa ilikuwa pumzi tu. Wale askari wa Kubrick hawana pumzi mkuu, wamesukuma magogo, wamekimbia, wameua watu kwa visu, na bado wanaongea kama wametoka kulala.

Kwa hiyo mimi sauti siiweki kwenye umaskini, naiweka kwenye hesabu mbaya. Ila kuna sehemu moja inafanya kazi vizuri sana, pale wanatembea na tunasikia mawazo yao ya ndani yanapishana, moja juu ya lingine. Wazo halihitaji mdomo wala umbali, linatakiwa liwe karibu hivyohivyo. Angelijua hilo mapema angeandika muvi nzima kwa namna ile na dabu isingemsumbua.

Kibatari

Naunga mkono dada hapo juu, ila vifaa tusimguse jamani. Hakuwa na reli za kusogezea kamera, akaweka kamera kwenye kigari cha kubebea mtoto mchanga akasukuma. Hakuwa na mashine ya ukungu, akatumia bomba la kupulizia dawa ya wadudu shambani, na nusura lile dude liwakabe roho waigizaji kwa sababu dawa ilikuwa bado imo ndani. Na ukiangalia ule ukungu wa kwenye mto mwishoni huwezi kujua. Hapo kuna kijana anayepambana.

Shida yangu iko kwenye uhariri. Kuna ule mstari wa digrii 180 ambao mtu yeyote wa kamera anafundishwa wiki ya kwanza: watu wawili wakiongea, chora mstari kati yao, kamera ibaki upande mmoja, ili A awe anaangalia kulia muda wote na B kushoto. Ukivuka, watu wanaonekana kama wamepeana migongo. Ndicho kilichokupata kwenye ile sini ya mwanzo mkuu. Kubrick alikuwa mpiga picha za mnato mzuri sana, kila fremu pale ukiisimamisha unaweza kuitundika ukutani, lakini hajazoea bado kwamba muvi inaishi pale picha moja inapoingia kwenye nyingine. Anakupa uso, uso, uso, uso. Hakupi picha moja pana ya kukuonyesha hawa wanne wamekaaje chini. Na hiyo picha pana ni bure! Unarudi nyuma hatua kumi unabonyeza. Kwa hiyo hapo hela haina kesi ya kujibu.

Lakini kosa hilohilo ndilo linalompa sini bora ya muvi nzima, ile ya kibandani. Angalieni tena. Maadui wanakula mchuzi mezani, mlango unafunguliwa, na kuanzia hapo huoni mapigano, unaona vipande tu. Mkono unakamua mkate mpaka unavujia katikati ya vidole. Mchuzi unamwagika sakafuni. Sura. Mkono unalegea. Sura nyingine. Halafu kimya, na Corby na wenzake wanakaa wanakula kile chakula cha baridi cha watu waliowaua. Kupiga visu vizuri kunahitaji mafunzo, damu, mtu wa kupanga mapigano, vitu asivyokuwa navyo, akaweka ule mkate. Mimi ule mkono unanisumbua kuliko damu za ndoo ndoo za siku hizi.

Nyeusi_Nyeupe

Aisee Kibatari umenikumbusha, na kweli pale nilisogea karibu na skrini. Nikawa najiuliza aliyefanya ile ndiye huyuhuyu aliyefanya yale maongezi?

BintiSauti nashukuru sana, hilo la pumzi sijawahi kulisikia popote. Na vipi hilo la sura mbili?

Jongoo wa Usiku

Sura mbili ni makusudi mkuu, hilo nitalitetea. Jenerali anapigwa risasi, anatambaa mpaka mlangoni anasema anajisalimisha, Corby anamuua, anamwangalia, anakuta ni uso wake mwenyewe. Script imeandikwa ielekee pale, adui ni wewe. Howard Sackler ndiye aliyeandika, alikuwa kijana mwenzake Kubrick na baadaye mwaka 1969 alichukua tuzo ya Pulitzer kwa tamthilia, kwa hiyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Ila makusudi hayatoshi. Wewe mtazamaji ulirudisha nyuma mara mbili ukidhani umekosea, maana yake wazo halikufika lilipotakiwa, lilifika kama dosari. Muvi ikishakuzoesha kwamba midomo haiendani na kamera inarukaruka, siku ikikuletea kitu cha ajabu kwa makusudi wewe unakihesabu kwenye makosa.

Sasa nijibu swali lako kubwa, la hela. Chukua muvi ya vita The Steel Helmet ya dairekta Samuel Fuller. Imetoka mwanzoni mwa 1951, vita ya Korea ina miezi tu tangu ianze Juni 1950. Imepigwa kwa siku 10. Bajeti kama dola 104,000, ambayo ni nyingi kuliko ya Kubrick, sawa, lakini kwa studio za Marekani enzi zile hiyo ilikuwa hela ya chini kabisa. Korea yenyewe ni Griffith Park, bustani ya jiji la Los Angeles. Jeshi zima ni wanafunzi 25 wa chuo kikuu cha UCLA, wakivaa huku wanakuwa Wamarekani, wakivaa kule wanakuwa adui. Kifaru ni cha mbao! Na kasoro zinaonekana, sitaki kusema hazionekani. Ukungu umewekwa ili usione kwamba hakuna kitu nyuma. Hekalu wanamojichimbia askari ni la kwenye seti na mlio wake ni wa kwenye seti. Mapigano ya mwisho wamechomeka vipande vya picha halisi za vita ambavyo rangi yake na chenga zake ni tofauti kabisa na picha za Fuller, mtu anafyatua risasi kwenye picha safi, bomu linalipuka kwenye picha iliyochakaa. Na yule mtoto wa Kikorea kaandikwa kwa utamu uliozidi kidogo.

Lakini angalia inavyoanza. Kofia ya chuma imejaa skrini, ina tundu la risasi. Unadhani ni ya maiti. Halafu inainuka taratibu na chini yake kuna macho. Huyo ni Sajenti Zack, mikono imefungwa nyuma, wenzake wote wameuawa wakiwa wamefungwa hivyohivyo, anaanza kutambaa kwa tumbo kati ya maiti. Hakuna hela pale. Ni kofia, kamba na mtu mmoja, Gene Evans. Na tayari unajua uko wapi, nani kafanya nini, na kwa nini huyu mtu atakuwa mgumu hivi mpaka mwisho.

Fuller alikuwa askari wa miguu wa divisheni ya kwanza ya Marekani kwenye vita kuu ya pili, alipigana Afrika Kaskazini, Sicily, akashuka ufukwe wa Omaha Beach kule Ufaransa siku ya D-Day. Ndiyo maana watu wake wanaongelea miguu, soksi, tikiti maji, nani ana sigara. Kuna askari anataka kuchukua kibati cha utambulisho cha mwenzao aliyekufa, Zack anamwambia achana na maiti, jamaa anaenda, maiti imetegwa bomu. Basi. Hakuna hotuba. Halafu kuna yule mateka wa Korea Kaskazini anamuuliza mganga mweusi wa kikosi kwa nini anapigania nchi inayomkalisha nyuma ya basi, na anamuuliza Sajenti Tanaka, Mjapani-Mmarekani, kuhusu kambi ambazo Marekani iliwafungia watu wa asili yake wakati wa vita kuu. Hayo yamesemwa kwenye muvi ya mwaka 1951, yenye kifaru cha mbao na wanafunzi 25! Na Zack anapomuua yule mateka aliyejisalimisha, jeshi lilikasirika likamwita Fuller ajieleze, na yeye akasimamia alichokijua, kwamba kwenye vita mambo hayo yalitokea.

Kwa hiyo tofauti ninayoiona ni hii: Fuller alikosa vitu, lakini alijua kila mtu wake katoka wapi na anaogopa nini. Kubrick alikosa vitu na pia akaamua kuondoa nchi, mwaka, adui na lugha, akadhani akiondoa hivyo muvi itakuwa ya vita vyote. Ukiondoa vyote hivyo mwigizaji anabaki hana cha kushika zaidi ya maneno ya mwandishi. Na hilo alilichagua mwenyewe.

mama_wa_reli

Samahanini nachelewa. Nakubaliana na Jongoo karibu yote, lakini naona mnapita haraka kwenye sini ya Sidney na msichana, ambayo kila mtu huwa anaicheka na mimi siwezi kuicheka.

Ni kweli Paul Mazursky, anayemwigiza Sidney, anazidisha, macho yanamtoka, anaigiza jenerali, anachanganya maneno ya The Tempest ya Shakespeare, anacheka peke yake. Lakini mwangalieni msichana, Virginia Leith. Hana hata neno moja. Amefungwa kwenye mti na huyu kijana ambaye hamwelewi anaongea bila kukoma, na kila anachofanya yeye ni kumsoma usoni kujua kama atakufa. Kuna pale Sidney anamletea maji kwenye viganja, anayanywa mkononi mwake, na unaona uso wa Sidney unabadilika, unajua kabisa kuanzia sasa huyu msichana yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwanzo. Sidney anamfungua, msichana anakimbia, Sidney anampiga risasi. Pale kutokuwa na lugha kunafanya kazi, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye kweli haelewi. Na sauti ya kudabu haimgusi kwa sababu haongei.

Nyeusi_Nyeupe ulisema adui anaongea Kiingereza kama hao wanne. Fikiria kama jenerali naye angekuwa haeleweki, tunamwona tu kwa dirishani anakunywa, anampapasa mbwa wake, na hatujui anasema nini mpaka pale mlangoni. Kutoa maneno kusingemgharimu hata senti. Badala yake wakampa hotuba ndefu ya kujieleza huku kalewa na ndiyo sehemu niliyosinzia.

Kubrick mwenyewe baadaye hakutaka ionyeshwe. Mwaka 1994 ilipopangwa kuonyeshwa New York alipitishia studio ya Warner Bros. ujumbe kwa waandishi kwamba hiyo ni kazi ya mtu asiyejua anachofanya. Mimi namwonea huruma, maana kila mtu ana kazi yake ya kwanza lakini ya kwake nakala ilibaki kwenye hifadhi kule Rochester na ikaja kusafishwa, sasa kila mtu anaiona.

Kibatari

Na mwaka 1957, miaka minne tu baada ya hii kutoka, akatengeneza Paths of Glory. Vita ya kwanza ya dunia, jeshi la Ufaransa, mahakama ya kijeshi, kila mtu ana cheo na jina na sababu ya kuogopa. Kamera inarudi nyuma kwenye handaki huku Kirk Douglas anaifuata na mabomu yanalia juu, na hupotei hata sekunde moja, unajua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni moja, ndiyo, lakini kujua mbele na nyuma hakununuliwi.

Nyeusi_Nyeupe

Nimerudi kuangalia leo mchana kwa vipande kama mlivyosema. Ya kibandani nimeiona mara tatu. Ya msichana nimeiangalia nikiwa nimezima sauti kabisa, mama_wa_reli uko sahihi, ni muvi nyingine.

Halafu nikajaribu na ile ya Mac kwenye chelezo, usiku, anashuka na mto peke yake ili walinzi wamfyatulie risasi yeye wenzake wapate nafasi ya kumfikia jenerali. Hii nikaiacha na sauti. Tunasikia mawazo yake tu, mdomo umefungwa, Frank Silvera ameshika fito anasukuma na ukungu ule wa bomba la dawa unapita mbele yake. Jana niliipita nikiwa nimeshachoka. Leo nimegundua kwamba pale ndipo mahali pekee nilipomwamini, unamsikia mtu mzima wa miaka thelathini na kitu anajiambia kwamba hiki ndicho kitu kimoja kikubwa atakachowahi kufanya, na yuko peke yake, hana wa kumtolea hotuba.

The Steel Helmet naianza usiku wa leo. Jongoo nitarudi kukwambia kuhusu hicho kifaru.